Muziki wa friji? Acheni kuukata wimbo mrefu!

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, na stima ya hapa Homa Bay nayo ina mambo yake. Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala jinsi ya kufufua laptopu kuukuu kwa Linux. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu muziki. Wapenzi wa kompyuta msikimbie, maana safari hii inaishia kwenye msimbo, na huko ndiko wakosaji wanakopatikana. Nami ni mmoja wao.

Nianze na kisa. Nilikuwa kwenye matatu kutoka Homa Bay kwenda Migori kwa njia ya Rongo, nikienda kumfungia mteja mfumo wa duka. Kando yangu aliketi rafiki niliyesoma naye chuo. Akaona nimefumba macho, akachomoa kidude kimoja cha sikioni mwangu akakitia kwake. Akasikiliza kama sekunde 20 hivi. "Omera, hiki ni nini? Friji inaharibika?" Matatu nzima ikacheka. Utingo akaongeza kwamba anamjua fundi wa friji pale Rongo, anaweza kunishusha mlangoni kwake. Nikacheka nami, ningefanya nini?

Kilichokuwa kikicheza ni Phaedra, albamu ya Tangerine Dream ya mwaka 1974. Kipande chake cha kwanza kina zaidi ya dakika 17. Rafiki yangu alionja sekunde 20 akatoa hukumu. Simlaumu. Amefundishwa na simu yake kuhukumu hivyo, na simu imefundishwa na watu kama mimi. Hilo ndilo ninalotaka tugombane nalo leo.

KWANZA, HAWA WAJERUMANI NI NANI?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Ujerumani Magharibi walichoka kuiga rock ya Marekani na Uingereza. Walitaka sauti yao. Edgar Froese alianzisha Tangerine Dream mjini Berlin mwaka 1967. Klaus Schulze, aliyewahi kuwapigia ngoma, alijitenga akatoa Irrlicht mwaka 1972. Wengi hudhani albamu hiyo ni kazi ya mitambo ya gharama, lakini haina sintesaiza hata moja! Ni kinanda cha umeme alichokichokonoa mwenyewe, amplifaya mbovu, na kanda ya okestra iliyochezwa kinyumenyume. Kwa hiyo wewe unayesema huwezi kutengeneza muziki wa namna hii kwa sababu huna vifaa, hebu tafuta kisingizio kingine.

Florian Fricke wa Popol Vuh alikuwa miongoni mwa Wajerumani wa mwanzo kumiliki Moog kubwa, akaitumia kwenye Affenstunde ya mwaka 1970, kisha baada ya miaka michache akaiacha akarudi kwenye piano. Kundi la Cluster lilihamia Forst, kijiji kando ya mto Weser, na huko pamoja na Michael Rother wakazaa kundi la Harmonia. Naye Manuel Göttsching, siku moja ya Desemba 1981, aliingia peke yake katika studio yake Berlin akapiga bila kusimama kwa karibu saa nzima. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1984 kwa jina E2-E4, ambalo ni mwendo wa kwanza wa mchezo wa chesi. Chodi mbili tu zinapishana, saa nzima. Mtu akikueleza hivyo utadhani anakutania. Ukisikiliza, dakika zinapita na hujui zimekwenda wapi.

Jambo linalounganisha kazi hizi zote ni muda. Hakuna kiitikio kinachokuja baada ya nusu dakika kukushika shati. Kitu kidogo kinajirudia, kinajirudia tena, na huku kinabadilika polepole kama kivuli cha mti kinavyozunguka mchana kutwa. Ukitazama kwa sekunde 20 utaapa kivuli hakisogei.

"HUO SI WETU"

Baada ya kicheko cha friji, hoja iliyofuata niliitarajia: kwamba huo ni muziki wa wazungu, kijana wa Nyanza ana shughuli gani nao.

Twende polepole. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, huvaa pete ya chuma iitwayo oporo kwenye kidole gumba cha mguu, hugonga nayo ubao wa chombo, na njuga za gara humlilia mguuni. Vidole vinazungusha mpangilio uleule wa noti, mguu unashika mapigo, na sauti inaingia juu yake kusimulia. Mpangilio haukimbilii popote. Kuna watu wanaolipa kuusimamisha wimbo ili wajisifu, yaani pakruok, kisha wimbo unaendelea pale ulipoachwa. Usiku mzima.

Sasa chukua sikwensa ya Moog 960, mashine ya enzi zile. Ilikuwa na hatua nane. Unapanga noti nane, unaiwasha, inazizungusha mpaka uchoke, na wewe unabadilisha kitu kimoja kimoja juu yake. Nane na nane! Sisemi Mjerumani aliiba kwa Mjaluo. Ni sadfa tu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelelewa karibu na nyatiti hapaswi kuambiwa na yeyote kwamba muziki wa kujirudia kwa muda mrefu ni mgeni kwake. Mimi Tangerine Dream haikunishangaza hata kidogo. Ilinikumbusha matanga.

Na kama unataka Mkenya kabisa, yupo. Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, kijana wa Nairobi aliyeendelea na masomo ya sauti Berlin, alitoa Peel mwaka 2020 kupitia Editions Mego ya Vienna. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20. Hakina ngoma wala maneno. Huyu ni mjukuu wa Joseph Kamaru mwenyewe, yule nguli wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na ndiye aliyejitwika kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu yake mtandaoni. Kwa hiyo mtu mmoja anashika benga ya babu kwa mkono huu na "friji" kwa mkono ule, na haoni ugomvi wowote kati yao. Ugomvi tunao sisi.

Nairobi na Berlin zilishakutana hata kabla yake. Mwaka 2011 ulitoka mkusanyiko wa BLNRB, uliopikwa chini ya Goethe-Institut ya Nairobi, ambamo Just A Band na wenzao walifanya kazi na Modeselektor na ndugu wawili wa Teichmann. Mwaka huohuo Sven Kacirek wa Hamburg akatoa The Kenya Sessions, aliyoijenga kutokana na sauti alizorekodi humu nchini. Basi hoja ya "si wetu" tuiweke kando.

HESABU YA SEKUNDE 30

Sasa tuingie jikoni. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Kanuni yake ya kuhesabu ni hii: wimbo ukichezwa sekunde 30, umehesabiwa mara moja. Mwanamuziki hupata sehemu ya mfuko wa pesa kulingana na idadi ya hesabu hizo. Baada ya sekunde ya 30, mashine haijali tena kama ulibaki dakika 2 au dakika 30.

Fanya hesabu ya darasa la nne. Una saa moja ya kusikiliza. Ukisikiliza nyimbo za dakika 2, zimehesabiwa mara 30. Ukisikiliza Timewind ya Klaus Schulze ya mwaka 1975, yenye vipande viwili vya takriban nusu saa kila kimoja, zimehesabiwa mara 2. Saa ni ileile na masikio ni yaleyale, lakini wa kwanza kapata mara 15 ya wa pili. Ungekuwa wewe ndiye mwanamuziki na kodi ya nyumba inakungoja, ungetunga wimbo wa dakika ngapi?

Halafu tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Mpiga orutu wa Karungu mwenye wasikilizaji 300 wanaompenda kwelikweli anahesabiwa sawa na asiyekuwepo.

Na kuna kanuni ya tatu, hii ndiyo iliyonifanya nikumbuke friji. Katika mabadiliko hayohayo, walitenga kundi la rekodi walizoziita kelele: sauti za mvua, sauti za mashine, mivumo na kadhalika. Hizo lazima zifikishe dakika 2, na kuchezwa kwake kunathaminiwa kwa sehemu tu ya thamani ya muziki. Niwe mkweli, kanuni hii ilikuwa na sababu. Kulikuwa na wajanja waliopakia vipande vya mvua vya sekunde 31, kimoja baada ya kingine, ili wavune pesa mtu akiwa amelala. Huo ni wizi, na wizi huzuiwa. Lakini jiulize: wajanja hao walizaliwa na nini? Walizaliwa na kanuni ya sekunde 30! Kwanza unaweka mlango wa wizi, kisha unaweka askari mlangoni, na askari huyo ndiye anayeamua kipi ni muziki na kipi ni mashine inayovuma. Mtu kama KMRU hurekodi sauti za mtaa na mivumo ya umeme na kuzifanya muziki. Ni nani atakayemtenganisha na friji? Rafiki yangu wa matatu?

MAKOSA YANGU MWENYEWE

Hapa ndipo naona aibu, lakini niliahidi.

Miaka miwili iliyopita mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alinipa kazi ya kutengeneza programu ya kuuzia nyimbo za huku kwetu: benga, ohangla, nyatiti. Kazi nzuri, nilifurahi. Katikati ya kazi akaleta ombi: faili yoyote inayozidi dakika 5 igawanywe vipande, kila kipande kiwe wimbo wake. Sababu yake ni kwamba vipande vingi huleta hesabu nyingi, na kwa jinsi soko lilivyo hakuwa amekosea hesabu. Nikaandika. Mistari 43 ya Python inayoita ffmpeg. Sikupoteza hata nusu siku. Haikutafuta mahali palipo na kimya. Ilikata tu kila baada ya sekunde 300, kama anayekata sabuni ya mche.

Miongoni mwa waliorekodiwa alikuwemo mzee mmoja mpiga nyatiti kutoka nje kidogo ya mji wa Migori. Wimbo wake ulikuwa wa dakika 38. Programu yangu ilitoa vipande nane. Ukurasa wa mbele ulikuwa unachanganya nyimbo bila mpangilio, kwa hiyo kipande cha tatu kiliweza kufuatwa na ohangla ya mtu mwingine. Watu walicheza kipande cha kwanza. Cha saba na cha nane hakuna aliyevigusa.

Mzee alikuja na mjukuu wake kusikiliza. Nilimwekea kwenye simu. Alisikiliza kimya, akafika mwisho wa kipande cha kwanza, wimbo ukakatika katikati ya neno, na sauti ya kijana fulani wa ohangla ikaingia. Akanitazama.

"Nyathina, mbona umenikata?"

"Jaduong', ni kompyuta iliyokata."

"Na kompyuta iliambiwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Baadaye mjukuu alinieleza kwamba kuanzia dakika ya 30 hivi ndipo mzee huwataja waliotangulia, mmoja mmoja, akiwemo nduguye aliyezama ziwani. Nusu saa ya kwanza ni ya kufika hapo. Huwezi kuingia kwa wafu mbio mbio. Nami nilikuwa nimewaweka wafu wake kwenye kipande cha saba, mahali ambapo hakuna atakayefika.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Nimebishana na wenzangu wa fani kuhusu jambo hili mara nyingi, kwa hiyo hoja zao nazijua.

Hoja ya kwanza: "Teknolojia imekata nyimbo siku zote." Kweli. Benga ilikatwa kabla sijazaliwa. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mmoja uliandikwa Part 1 upande huu na Part 2 upande wa pili. Wazee wa Shirati Jazz ya D.O. Misiani wanalijua hilo. Hata Wajerumani walikatwa. Autobahn ya Kraftwerk, ya mwaka 1974, inapita dakika 22 kwenye albamu, na redio za Marekani zilicheza kipande cha dakika kama 3. E2-E4 yenyewe iligawanywa pande mbili kwa sababu santuri haikuweza kubeba saa nzima upande mmoja.

Lakini angalieni tofauti. Santuri ilikata kwa sababu ya umbile lake: mfereji una urefu wake na plastiki ina mwisho. Na kipande cha redio cha Autobahn hakikufuta albamu. Kilikuwa tangazo la kukuita dukani ukaichukue nzima. Leo hakuna mfereji. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika. Memori kadi ya gigabaiti 32, kitu kidogo kuliko ukucha, inabeba zaidi ya saa 220 za muziki kwa ubora huo. Kwa mara ya kwanza tangu binadamu aanze kurekodi sauti, tunaweza kuhifadhi usiku mzima wa nyatiti bila mkato hata mmoja. Na ni wakati huohuo tumeamua kukata vifupi zaidi! Mkato wa zamani ulikuwa wa lazima. Huu wa sasa ni wa kupenda.

Hoja ya pili: "Watu hawana muda." Hawa watu gani? Ni hawahawa wanaokaa dakika 90 kutazama mpira, na nusu saa nyingine kubishana kuhusu refa? Wanaopanda basi la usiku kutoka Homa Bay kwenda Nairobi? Wanaokesha matangani mpaka jogoo awike? Muda upo. Programu zetu ndizo zinazoukatakata, kisha zinatuletea takwimu kuthibitisha kwamba watu hawawezi kukaa kitako.

Hoja ya tatu: "Data ni ghali." Hii ni hoja ya kweli, hasa huku kwetu, na naiheshimu. Lakini ifuate mpaka mwisho. E2-E4 nzima, kwa kilobiti 320, ni kama megabaiti 142. Ukiipakua mara moja, imekwisha, ni yako. Ukiisikiliza mtandaoni mara 10 bila kuihifadhi, umekula zaidi ya gigabaiti 1.4 na huna kitu mkononi bando likiisha. Kwa hiyo ughali wa data ni hoja ya kumiliki faili. Mtu wa bando dogo ndiye anayehitaji zaidi kununua mara moja na kuweka. Bandcamp, kwa mfano, hukuuzia faili yenyewe, hata ya FLAC, na hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili hizo; kinachobaki, ukitoa ada za malipo, ni cha mwanamuziki, awe wa dakika 2 au 70.

Hoja ya nne: "Soko limeamua, wewe ni nani?" Mimi ni mtu aliyeandika mistari 43, kwa hiyo najua soko linavyoamua. Soko halikai mezani likaandika kanuni. Kuna mtu alichagua namba 30. Angeweza kuchagua kuhesabu dakika zilizosikilizwa, na ingehitaji badiliko dogo tu: badala ya kuongeza 1, unaongeza muda. Na msiniambie mashirika makubwa hayabadiliki. Novemba 2021 Adele alipotoa albamu yake iitwayo 30 aliomba nyimbo za albamu zisichanganywe zenyewe, na Spotify ikabadilisha kitufe cha kucheza kwenye kurasa za albamu kwa wateja wake wanaolipia. Mtu mmoja mashuhuri aliomba, kitufe kikahama. Kwa hiyo kitufe huhamishika. Kinachokosekana ni wa kuomba kwa niaba ya mzee wa Migori.

KWENU WENZANGU MNAOANDIKA PROGRAMU

Sina chama wala sina azimio la kusaini. Nina mambo matano tu, na yote yanaandikika wiki hii.

1. Albamu ichezwe kwa mpangilio wake. Anayetaka kuchanganya aombe mwenyewe.

2. Ondoeni pengo kati ya vipande. Na hapa tusijifanye ni jambo gumu. MP3, ambayo kwa kejeli ya historia ilikuzwa na Wajerumani haohao katika taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, hufunga sauti katika fremu za sampuli 1,152, kama milisekunde 26 kila moja kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde. Mwisho wa wimbo usipoenea kwenye fremu, hujazwa kimya. Na mwanzoni pia huongezwa kimya kidogo. LAME huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kutupa. Programu inayopuuza maandishi hayo ndiyo inayokohoa kila kipande kinapobadilika. Soma namba mbili, tupa kimya, endelea. FLAC, Vorbis na Opus hazina kisingizio hata hicho.

3. Kumbukeni mahali msikilizaji alipofika. Tunafanya hivyo kwa filamu. Kwa nini wimbo wa dakika 38 urudi mwanzo kila simu inapoita?

4. Hesabuni dakika. Kama mnagawa pesa, gaweni kwa muda uliosikilizwa, si kwa idadi ya kubofya.

5. Msiruhusu mashine peke yake iite kazi ya mtu kelele. Weka sikio la binadamu na njia ya kukata rufaa.

NA WEWE MSIKILIZAJI

Usiniamini tu. Jaribu. Kuna njia yangu, nawapa bure. Phaedra, upande wa kwanza, ianze gari likitoka steji ya Homa Bay. Utasikia mitambo ikiyumba sauti kidogo; Moog za enzi hizo zilibadilika zikipata joto, nao hawakuficha. Ukitoka Rongo kushika barabara ya Migori, weka Sowiesoso ya Cluster ya mwaka 1976, ni ya upole, haitakugombanisha na mtu. E2-E4 iweke usiku ukiwa na kazi ya kuandika. Timewind iache mpaka stima ipotee, usikilize gizani na simu yenye chaji. Na Peel ya KMRU isikilize alfajiri ziwani, taa za wavuvi wa omena zikiwa bado mbali majini. Zima data kwanza. Usiiguse simu kwa dakika 20, si sekunde 20. Ukimaliza na bado unasema ni friji, nitakubali. Angalau utakuwa umeisikiliza friji yote.

Kisha umalize na nyatiti. Tafuta mzee wa kwenu, usimfuate mtandaoni, mfuate nyumbani. Rekodi yote.

Nimalizie deni. Nilimwandikia mteja yule nikamwomba tuondoe mkato. Alijibu kwamba atafikiria. Mkataba wangu umekwisha na mistari yangu 43 bado inafanya kazi, vizuri kabisa, bila hitilafu hata moja. Faili nzima ya dakika 38 nilikuwa nayo bado. Niliitia kwenye memori kadi nikapanda matatu mpaka Migori, nikampa mjukuu, akaitia kwenye redio ya mzee, ile ndogo yenye tundu la kadi. Tuliketi chini ya mwembe. Mzee hakusema lolote mpaka dakika ya 31, nduguye alipotajwa. Hapo akaongeza sauti.

Haya basi, nimemwaga yangu. Anayepinga apinge kwa hoja, si kwa friji. Wiki ijayo, stima ikikubali, nitaweka hapa programu ndogo ya kucheza muziki niliyoanza kuiandika: haina kitufe cha kuchanganya, haina pengo, na inakumbuka ulipoishia. Ina mistari mingi kuliko 43. Tuonane.